Makato Yaliyoongezeka na Akiba Inayobaki: Mabadiliko ya Kanuni za Malipo ya Uzeeni na Matibabu

Wafanyakazi wengi wanapopokea hati ya mshahara mwishoni mwa mwezi huisoma kuanzia chini, penye kiasi kitakachoingia mfukoni. Ni wachache wanaorudi juu kuyachunguza makato mstari kwa mstari. Hata hivyo, katika miaka michache iliyopita mistari hiyo ndiyo iliyobadilika zaidi nchini Kenya. Mchango wa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF) umepanda, Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) imechukua nafasi ya bima ya awali, na sheria ya kodi imebadilishwa ili kumnufaisha anayeweka akiba.

Katika kazi yetu ya kusimamia skimu za malipo ya uzeeni, swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: fedha hizi zinazokatwa zinakwenda wapi, na zitanifaa lini? Makala haya yanalijibu swali hilo. Yanakusudia pia kueleza jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa wamechelewa, kwamba si kila fedha inayokatwa ni akiba. Baadhi ya makato hukuwekea fedha kwa jina lako. Mengine hukununulia kinga ya mwaka huu tu. Asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kustaafu akidhani ameweka akiba ya matibabu, kumbe hana.

Viwango tunavyovitaja hapa ni vile vilivyokuwa vikitumika kufikia Februari 2025.

Mchango wa NSSF: kutoka shilingi 200 hadi asilimia 6

Kwa miaka mingi mfanyakazi alichangia shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri wake akaongeza shilingi 200, bila kujali ukubwa wa mshahara. Aliyechangia hivyo kwa miaka 30 bila kukosa hata mwezi mmoja alikuwa ameweka, pamoja na sehemu ya mwajiri, shilingi 144,000 kabla ya faida ya uwekezaji. Haihitaji hesabu ndefu kuona kwamba kiasi hicho hakiwezi kumtunza mtu uzeeni.

Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ililenga kurekebisha hali hiyo, lakini kesi mahakamani zilichelewesha utekelezaji wake kwa karibu mwongo mmoja. Michango mipya ilianza kukatwa Februari 2023, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu iliirejesha kesi hiyo katika Mahakama ya Rufaa ili isikilizwe upya, lakini makato yaliendelea na viwango vikapandishwa kwa awamu kama sheria ilivyopanga.

Chini ya sheria hiyo, mfanyakazi huchangia asilimia 6 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi kilekile. Mchango umegawanywa katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza hutozwa kwenye sehemu ya mshahara isiyozidi kiwango cha chini, ambacho Februari 2025 kilifikia shilingi 8,000. Ngazi ya pili hutozwa kwenye sehemu iliyo kati ya kiwango hicho na kiwango cha juu, ambacho kilifikia shilingi 72,000. Kwa hiyo mtu mwenye mshahara wa shilingi 72,000 au zaidi alikatwa shilingi 4,320 kwa mwezi, na mwajiri akalipa kiasi sawa na hicho.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipwa shilingi 50,000. Kwa viwango vya Februari 2025, ngazi ya kwanza ilimkata shilingi 480, na ngazi ya pili shilingi 2,520. Jumla ni shilingi 3,000. Mwajiri naye hulipa shilingi 3,000. Kila mwezi, basi, shilingi 6,000 huingia katika akaunti yake, ilhali zamani zingeingia shilingi 400. Ni kweli kwamba mshahara unaobaki mkononi umepungua, nasi hatuupuuzi uzito wa jambo hilo kwa mwenye kulipa kodi ya nyumba na karo ya shule. Hata hivyo, fedha hizo zingali zake, na nusu yake asingeipata kama mwajiri asingelazimishwa na sheria kuitoa.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Mwajiri anaweza kuruhusiwa na Mamlaka kupeleka michango ya ngazi ya pili katika skimu nyingine iliyosajiliwa badala ya NSSF. Uliza wazi: mchango wangu wa ngazi ya pili unapelekwa wapi? Ukiwa hujui ulipo, hutaweza kuufuatilia.

Mchango wa afya ni bima, si akiba

Tarehe 1 Oktoba 2024, mfumo wa Bima ya Afya ya Jamii ulianza kutumika chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ukichukua nafasi ya Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali (NHIF). Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Zamani mchango wa juu kabisa wa mwenye mshahara ulikuwa shilingi 1,700. Sasa hakuna kikomo cha juu. Mfanyakazi wetu wa shilingi 50,000, ambaye alikuwa akilipa shilingi 1,200, sasa hulipa shilingi 1,375. Mwajiri haongezi chochote katika mchango huu.

Hapa ndipo penye tofauti tuliyoitaja mwanzoni. Mchango wa NSSF hulimbikizwa kwa jina lako. Mchango wa SHIF haulimbikizwi. Huingia katika kapu moja linalowatibu waliougua mwaka huu, nawe ukiugua unatibiwa kutoka kapu hilohilo. Huo ndio utaratibu wa bima popote pale, na una faida yake: mwenye mshahara mdogo anaweza kupata matibabu ambayo mchango wake peke yake usingeyagharimia. Lakini mtu aliyechangia kwa miaka 30 hana salio la kuchukua siku anapostaafu.

Siku hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, bima ya binafsi ambayo waajiri wengi huwalipia wafanyakazi wao kwa kawaida hukoma ajira inapokoma. Pili, mchango wake wa SHIF haukatwi tena kwenye mshahara. Huanza kupangwa kwa tathmini ya uwezo wa kaya yake, naye mwenyewe hubeba wajibu wa kuulipa kwa wakati. Asipoulipa, kinga husita. Haya yote humfika katika umri ambao shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya viungo huwa mengi zaidi. Mtu anayeanza kutafuta bima ya binafsi akiwa na miaka 60 hukuta bei imepanda, na pengine hukuta masharti kuhusu maradhi aliyo nayo tayari.

Hazina ya matibabu baada ya kustaafu

Kanuni za malipo ya uzeeni zina jibu kwa pengo hilo, ingawa wanachama wengi hawajalisikia. Skimu inaweza kuanzisha hazina ya matibabu baada ya kustaafu. Mwanachama huchangia angali kazini, mwajiri akipenda humwongezea, na fedha huwekezwa zikiwa zimetengwa kwa kusudi moja: kugharimia matibabu baada ya kustaafu, ikiwemo kununua bima. Akiba hii haichanganywi na ile ya pensheni.

Kutengwa huko ndiko kunakoilinda. Mstaafu anapopokea mkupuo wa fedha, mahitaji hujitokeza kutoka kila upande: paa la nyumba, karo ya mjukuu, biashara ya ndugu. Yote ni mahitaji ya kweli. Fedha isiyokuwa na kazi maalumu humalizikia humo, na maradhi yakifika hukuta hakuna kilichobaki. Fedha iliyotengwa kwa matibabu huendelea kuyasubiri maradhi.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, iliifanya akiba hii kuwa nafuu zaidi. Mchango wa mwanachama katika hazina ya matibabu, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, sasa huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Mchango wa SHIF nao huondolewa vivyo hivyo.

Turudi kwa mfanyakazi wetu. Baada ya kuondoa michango ya NSSF na SHIF pamoja na tozo ya nyumba, mapato yake yanayotozwa kodi ni shilingi 44,875. Sehemu ya juu ya mapato hayo hutozwa asilimia 30. Akiamua kuweka shilingi 2,000 kila mwezi katika hazina ya matibabu, kodi yake hupungua kwa shilingi 600. Kwa maneno mengine, akiba ya shilingi 2,000 imempunguzia mshahara wa mkononi kwa shilingi 1,400 tu. Kiasi kinachosalia kimetoka katika kodi ambayo angeilipa hata hivyo.

Ikiwa skimu yako haina hazina hii, waulize wadhamini kwa nini. Wanachama wana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa skimu na kuuliza maswali, na swali lililoulizwa na wengi si rahisi kuachwa bila jibu.

Kodi: nini kimeongezwa, nini kimeondolewa

Sheria hiyohiyo ya mwaka 2024 ilibadilisha mambo mengine mawili makubwa.

Kwanza, kiwango cha juu cha mchango wa pensheni unaosamehewa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani shilingi 360,000 kwa mwaka. Mchango wako wa NSSF huhesabiwa ndani ya kiwango hicho. Mfanyakazi wetu, ambaye NSSF humkata shilingi 3,000, bado ana nafasi kubwa ya kuongeza mchango wa hiari na kupata nafuu ya kodi.

Pili, mafao ya mtu anayefikisha umri wa kustaafu kwa mujibu wa kanuni za skimu yake iliyosajiliwa hayatozwi tena kodi ya mapato. Msamaha huo unamhusu pia anayestaafu mapema kwa sababu ya maradhi, na anayechukua mafao baada ya kuwa mwanachama kwa miaka 20. Hapo awali msamaha wa mkupuo ulikuwa na kikomo cha shilingi 600,000, na pensheni ya mwezi ilisamehewa hadi shilingi 25,000 tu, isipokuwa kwa waliotimiza miaka 65.

Yatazameni mabadiliko haya kwa pamoja. Fedha husamehewa kodi inapoingia, na husamehewa tena inapotoka kwa wakati wake. Msisitizo uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Sheria inamtuza anayesubiri. Anayetoa mapema nje ya masharti hayo hupoteza sehemu ya tuzo hiyo.

Unapoacha kazi: uamuzi mgumu kuliko yote

Kati ya maamuzi yote ambayo mwanachama hufanya, hakuna linaloharibu uzee wa watu wengi zaidi kuliko uamuzi wa kutoa akiba anapobadilisha kazi. Kanuni zinamruhusu mwanachama wa skimu ya mwajiri anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kuchukua michango yake mwenyewe pamoja na nusu ya michango ya mwajiri, na faida zake. Nusu inayobaki huhifadhiwa hadi wakati wa kustaafu. Kwa upande wa NSSF, michango chini ya sheria mpya hailipwi kwa sababu tu mtu ameacha kazi.

Kanuni inaruhusu, lakini hailazimishi. Fikiria mtu wa miaka 35 mwenye akiba ya shilingi 400,000 katika skimu, nusu yake ikiwa michango yake na nusu ya mwajiri. Anapoacha kazi anaweza kuchukua shilingi 300,000, na kiasi kinachozidi msamaha hukatwa kodi. Ikiwa badala yake ataziacha fedha hizo, au atazihamishia skimu ya mwajiri mpya au skimu ya mtu binafsi, na zikapata faida ya asilimia 8 kila mwaka, zitakuwa takriban shilingi 2,050,000 atakapofikisha miaka 60. Asilimia 8 ni makadirio yetu kwa ajili ya mfano, wala si ahadi. Faida hupanda na kushuka, na bei za bidhaa nazo hupanda. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Tunafahamu kwamba mara nyingine mtu haachi kazi, bali kazi humwacha. Aliyefutwa kazi, mwenye watoto na mkopo, hawezi kuambiwa asubiri miaka 25. Kwake tunashauri jambo dogo zaidi: asichukue kila anachoruhusiwa kwa sababu tu anaruhusiwa. Ahesabu mahitaji ya miezi michache, aulize skimu yake kama anaweza kuchukua sehemu tu, na kinachobaki akiache. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya uzeeni haiozi kweli, ila huliwa.

Mchango uliokatwa lakini haukuwasilishwa

Mabadiliko haya yote hayana maana ikiwa fedha hazifiki. Hati ya mshahara inaonyesha kwamba umekatwa. Haionyeshi kwamba mwajiri amewasilisha. Sheria inamtaka awasilishe michango katika siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Anayekata na kubaki na fedha amevunja sheria, hata kama biashara yake inapitia wakati mgumu.

Mwanachama ndiye mlinzi wa kwanza. Skimu ina wajibu wa kukupa taarifa ya mafao yako kila mwaka. Linganisha taarifa hiyo na hati zako za mshahara. Ukiona miezi iliyokosekana, andika kwa wadhamini. Usipopata jibu la kuridhisha, andika malalamiko yako kwa Mamlaka na uwape wadhamini nakala. Usipokubaliana na uamuzi wa Mamlaka, una haki ya kukata rufaa mbele ya baraza la rufaa lililoundwa kwa kazi hiyo. Usingoje hadi ustaafu: ni rahisi zaidi kufuatilia miezi mitatu ya mwajiri ambaye bado yupo kuliko miaka saba ya kampuni iliyofungwa.

Kwa wasio na mshahara

Mabadiliko haya hayawahusu wenye ajira rasmi peke yao. Fundi wa jua kali, mwenye kibanda sokoni na mwendesha bodaboda wanaweza kujiunga na skimu ya mtu binafsi na kupanga mchango kulingana na mapato. Mpango wa Mbao, ulioanzishwa mwaka 2011, ulipata jina lake kutokana na mchango wa shilingi 20 kwa siku. Kwa mtu ambaye hana mwajiri wa kumwongezea, nidhamu ya kuchangia kila wiki huwa na uzito kuliko ukubwa wa mchango. Kabla ya kujiunga, hakikisha kwamba skimu imesajiliwa na Mamlaka. Anayekuahidi faida kubwa kwa muda mfupi bila usajili hakuuzii pensheni.

Mambo ya kufanya mwezi huu

Kwanza, chukua hati yako ya mshahara na utenganishe makato ya akiba na makato ya bima. Jua ni kiasi gani kinalimbikizwa kwa jina lako.

Pili, omba taarifa ya mafao kutoka NSSF na kutoka skimu ya mwajiri, na uhakikishe kwamba kila mwezi uliokatwa umeingia.

Tatu, uliza kama skimu yako ina hazina ya matibabu baada ya kustaafu. Ikiwa ipo, anza na kiasi unachokimudu, hata kama ni kidogo. Mtu mwenye miaka 40 ana miaka 20 ya kuijaza. Mwenye miaka 58 ana miwili.

Nne, pitia fomu ya kuwataja wanufaika. Mafao ya skimu yanayolipwa mwanachama anapofariki si sehemu ya mirathi yake. Fomu iliyojazwa kabla ya ndoa, au kabla ya mtoto wa pili kuzaliwa, inaweza kuwaacha nje wale uliotaka kuwalinda.

Tano, ikiwa unakaribia kubadilisha kazi, amua mapema akiba yako itahamia wapi. Uamuzi uliofanywa kwa utulivu hushinda ule unaofanywa siku ambayo fomu ya kutoa fedha imewekwa mbele yako pamoja na kalamu.

Kanuni zitaendelea kubadilika, na viwango vya NSSF navyo vilipangwa kupanda kwa awamu. Kila vinapobadilika, uliza maswali yaleyale mawili: fedha hizi zinawekwa kwa jina la nani, na zitanifaa lini? Usipopata jibu kwa mwajiri au kwa skimu yako, ofisi zetu ziko wazi, na huduma ya kujibu maswali ya wanachama haina malipo.